Bwana Horace Mann na Fedha za Shule



Mhariri wa jarida letu ameniomba habari za maisha ya mtu mmoja mashuhuri, kama ilivyo desturi ya kurasa hizi, na ameniachia hiari ya kumchagua. Najua wengi wenu mlitazamia nitamleta mpigania uhuru, au mwanasayansi, au mwanariadha. Mimi nimemchagua mtu ambaye miaka yake bora ilipita katika mikutano ya kamati, akihesabu dola, watoto na vyumba vya madarasa. Wale wenzetu ambao leo ni madiwani, wajumbe wa bodi za shule na watunza hazina watamwelewa upesi. Na wale waliokuwapo kwenye mkutano wetu uliopita, tulipobishana juu ya paa la bweni mpaka taa zikawashwa na chakula kikapoa, watamwelewa upesi zaidi.

Horace Mann alizaliwa tarehe 4 Mei 1796 katika mji mdogo wa Franklin, jimbo la Massachusetts, Marekani. Wazazi wake walikuwa wakulima wasio na mali. Watoto wa nyumba hiyo walisuka ukindu wa ngano kwa ajili ya kofia, na fedha iliyopatikana ndiyo iliyonunua vitabu vya shule. Shule yenyewe ilifunguliwa majuma machache tu kwa mwaka, wakati wa baridi, mashamba yalipolala. Inaelezwa kwamba hata alipofika umri wa miaka 15 hakuwa amewahi kupata zaidi ya majuma 8 au 10 ya masomo katika mwaka mmoja.

Lakini mji ule ulikuwa na bahati moja. Ulikuwa umejipa jina la Benjamin Franklin, na wakazi walimwomba mzee huyo zawadi ya kengele kwa ajili ya kanisa lao. Yeye akawapelekea vitabu badala ya kengele. Vitabu hivyo vikawa maktaba ya mji, na kijana Mann alivisoma vyote alivyoweza kuvifikia, ingawa vingi vilikuwa vya historia na dini, vizito kwa mtoto.

Baba yake alifariki mwaka 1809. Mwaka uliofuata ndugu yake Stephen alizama maji siku ya Jumapili, naye mchungaji wa mji, mtu mkali wa imani ya zamani, akayatumia mazishi yale kuwaonya vijana juu ya wanaokufa kabla ya kuongoka. Horace alikuwa na miaka 14. Hakuisahau siku ile, na tangu hapo moyo wake uliikimbia dini ya vitisho. Nalitaja jambo hili kwa sababu baadaye, alipokuwa mkuu wa shule za jimbo, maadui zake walimshutumu kwamba anataka shule zisizo na Mungu, na chanzo cha ugomvi huo kiko hapa.

Kwa msaada wa mwalimu mmoja wa kupita alijifunza Kilatini na Kiyunani kwa muda wa miezi sita hivi, akaingia Chuo Kikuu cha Brown, mjini Providence, na mwaka 1819 akamaliza akiwa wa kwanza katika darasa lake. Akasoma sheria, akakubaliwa kuwa wakili mwaka 1823, akafungua ofisi Dedham. Mwaka 1827 aliingia katika Bunge la jimbo. Huko alipigania mambo mengi, na kubwa kuliko yote lilikuwa hospitali ya jimbo kwa wagonjwa wa akili, ambao wakati ule walifungwa magerezani pamoja na wahalifu. Hospitali hiyo ilifunguliwa Worcester mwaka 1833.

Mwaka mmoja kabla ya hapo alifiwa na mke wake, Charlotte, baada ya ndoa ya miaka miwili tu. Husemwa nywele zake ziligeuka nyeupe kwa huzuni. Alihamia Boston, akafanya kazi kama mtu asiyejali kula wala kulala, akalipa na madeni ya ndugu yake. Aliporudi katika siasa aliingia Seneti ya jimbo, na mwaka 1836 akachaguliwa kuwa Rais wa Seneti hiyo.

Sasa ndugu msomaji, kabla hatujaendelea, yafaa tueleze jinsi shule za Massachusetts zilivyokuwa zikipata fedha, maana bila hilo maisha ya mtu huyu hayaeleweki.

Sheria ya kwanza ilikuwa ya zamani sana, ya mwaka 1647, wakati wa walowezi wa Kiingereza. Iliagiza kila mji wenye kaya 50 uwe na mwalimu wa kusoma na kuandika, na wenye kaya 100 uwe na shule ya juu zaidi. Agizo lilitoka juu, fedha zikatoka chini. Kila mwaka wenye haki ya kupiga kura walikusanyika katika mkutano wa mji, wakajadili barabara, madaraja, maskini na shule, kisha wakapiga kura ni dola ngapi zitozwe kama kodi ya mali kwa kila jambo. Hapakuwa na waziri wala mkaguzi wa kuwauliza. Mwenye shamba kubwa alisimama na kusema lake, na fundi viatu akasimama na kusema lake, na mikono ikahesabiwa.

Watu walipotawanyika mashambani, wa mbali walilalamika kwamba wanalipa kodi kwa shule iliyoko katikati ya mji ambayo watoto wao hawawezi kuifikia wakati wa theluji. Kwa hiyo mji ulikatwa katika vitongoji vya shule, na sheria ya mwaka 1789 ikavitambua. Baadaye vitongoji vikapewa uwezo wa kutoza kodi yao wenyewe ya kujenga, na mwaka 1827 kila kitongoji kikapewa haki ya kumchagua mtu wake wa kumwajiri mwalimu. Huku nyuma, mwaka 1826, sheria nyingine ilikuwa imeutaka kila mji uchague kamati ya shule ya kuwapima walimu na kuangalia mafundisho.

Tazameni basi mkanganyo wake. Mkutano wa mji ulikata jumla ya fedha. Kamati ya shule ilitazama ubora bila kushika mfuko. Mtu wa kitongoji ndiye aliyeajiri, na mara nyingi aliajiri mpwa wake au binti wa jirani. Jumba la shule lilijengwa na kitongoji, kuni zikaletwa na wazazi, na mwalimu akala na kulala nyumba hii juma hili na nyumba ile juma lijalo. Tena fungu la mji lilipokwisha kupitishwa ndipo ugomvi wa pili ulipoanza, yaani ligawanywe vipi. Wengine walitaka kila kitongoji kipate sawa. Wengine walisema kigezo kiwe idadi ya watoto. Wenye mali walitaka kila kitongoji kirudishiwe kwa kadiri ya kodi kilicholipa. Palipofuatwa shauri la wenye mali, kitongoji cha matajiri wenye watoto wachache kilisoma miezi mingi, na kitongoji cha maskini chenye watoto wengi kilifunga mlango baada ya majuma machache.

Na matajiri wenyewe? Wengi walipeleka watoto wao katika shule za kulipia. Kisha walikwenda kwenye mkutano wa mji wakapiga kura kodi ya shule ipunguzwe, kwa kuwa hawakuona faida ya kulipa mara mbili. Mimi niliwahi kuwa mtunza hazina wa kamati ya shule moja ya msingi kwa miaka sita, na hoja hiyo nimeisikia kwa lugha zetu, kutoka kwa mtu aliyevaa suti nzuri, siku ambayo vyoo vya wasichana vilikuwa vimebomoka. Basi nilipoisoma katika habari za karne ya 19 sikuhitaji kufasiriwa.

Mwaka 1837, kwa juhudi za mwalimu na mwanasiasa James Carter, Bunge la jimbo lilipitisha sheria ya kuunda Halmashauri ya Elimu. Gavana Edward Everett aliitia saini mwezi Aprili. Halmashauri hiyo haikupewa amri yoyote. Haikuweza kutoza kodi, wala kumfukuza mwalimu, wala kufunga jumba bovu. Kazi yake ilikuwa kukusanya habari na kuandika taarifa. Tajiri mmoja wa viwanda, Edmund Dwight, ndiye aliyemsihi Mann awe Katibu. Rafiki zake walishangaa. Rais wa Seneti, wakili mwenye wateja, mtu ambaye ugavana haukuwa mbali naye, anaacha yote kwa kazi ya mshahara mdogo isiyo na mamlaka! Alikubali mwishoni mwa Juni 1837, akafunga ofisi yake ya sheria.

Alianza kwa kupanda farasi na kuzunguka jimbo, wilaya kwa wilaya, akiitisha mikutano. Mahali pengine watu walijaa. Mahali pengine walikuja wachache wakakaa karibu na mlango. Inasimuliwa kwamba mara moja alifika Pittsfield kwa mafunzo ya walimu akakuta chumba hakijafagiliwa wala kupangwa. Gavana George Briggs, ambaye ni mtu wa mji huo, alikuwa pamoja naye. Hao wawili wakatafuta mifagio, wakafagia wenyewe, na walimu walipofika wakakuta chumba safi.

Katika safari hizo aliyaangalia majumba ya shule kwa jicho la wakili anayekusanya ushahidi. Mwaka 1838 alitoa taarifa nzima juu ya majumba hayo tu. Mengi yalikuwa madogo, yameachwa kando ya barabara mahali ambapo ardhi haina thamani, hewa nzito, viti visivyo na migongo, na moto unaowachoma wa mbele huku wa nyuma wakitetemeka. Vitongoji vilijua haya yote. Lakini taarifa iliyochapishwa na kusambazwa jimbo zima ni jambo jingine, kwa sababu sasa na jirani pia anajua.

Hapa ndipo ninapomwona Mann kuwa hodari kuliko walimu wengi wa siasa. Alifahamu kwamba hana fimbo, kwa hiyo akatumia aibu. Kila mwaka kamati za shule za miji ipatayo 300 zilitakiwa kuleta takwimu, na mji ambao haukuleta ulikosa sehemu yake katika Mfuko wa Shule wa jimbo. Mfuko huo ulikuwa umeundwa mwaka 1834 kutokana na mauzo ya ardhi za jimbo huko Maine na fedha zilizolipwa na serikali kuu kwa deni la vita. Haukuwa mkubwa, lakini hakuna mji uliopenda kuona fungu lake linakwenda kwa jirani. Takwimu zilipofika, Mann alizipanga katika majedwali, mji kwa mji, kwa kadiri ya fedha zilizotolewa kwa kila mtoto, kuanzia mji uliotoa nyingi kupita yote mpaka mji wa mwisho kabisa. Kisha akachapisha.

Waza mwenyewe hali ya mkutano wa mji baada ya hapo. Zamani mtu alisimama akasema tumetoa vya kutosha, na hakuna aliyeweza kumpinga. Sasa mjumbe wa kamati anafungua kitabu anasoma kwamba mji wetu, wenye mashamba mazuri na viwanda viwili, uko chini ya mji wa wavuvi ulioko kwenye mchanga. Tena sheria ya mwaka 1838 iliiamuru kamati ya shule iandike taarifa ya kila mwaka na kuisoma hadharani katika mkutano wa mji, na wajumbe wake walipwe dola 1 kwa siku ya kazi. Kabla ya hapo wengi waliifanya kazi hiyo bure, na ikafanywa kama kazi ya bure inavyofanywa. Mwaka 1839 ikafuata sheria ya kuwa shule zifunguliwe si chini ya miezi 6 kwa mwaka.

Pamoja na aibu alileta hoja. Kwa matajiri wa viwanda alizungumza lugha ya faida. Aliwaandikia wenye viwanda na wahandisi akiwauliza tofauti waliyoiona kati ya mfanyakazi aliyesoma na asiyesoma, kisha katika taarifa yake ya tano, mwaka 1841, akaonyesha kwa majibu yao kwamba aliyesoma huzalisha zaidi na huharibu kidogo. Baadhi ya marafiki zake walichukizwa, wakaona anaiuza elimu sokoni kama pamba. Mimi nasema alimjua mteja wake. Kwa wasio na watoto, waliouliza kwa nini walipie watoto wa wengine, alijibu kwa hoja ya sheria katika taarifa ya kumi: kwamba mali haikuumbwa na mwenye nayo peke yake, bali ameirithi kutoka vizazi vilivyopita na ameishika kwa dhamana, na kizazi kinachokuja kinakidai kilichopo sehemu yake. Kwa hiyo kodi ya shule si sadaka. Ni deni.

Mwalimu mbaya ndiye aliyekuwa jibu la kawaida la mji mchoyo, maana watu walisema hakuna haja ya kuongeza fedha kwa walimu wa namna hii. Kwa hiyo Mann alitaka vyuo vya ualimu. Dwight akaahidi dola 10,000 kwa sharti kwamba jimbo nalo litoe kiasi hicho hicho, na Bunge likakubali mwaka 1838. Chuo cha kwanza kilifunguliwa Lexington tarehe 3 Julai 1839. Siku hiyo ya kwanza walijitokeza wanafunzi 3, wote wasichana. Hebu fikirini furaha ya maadui zake.

Maadui walikuwapo, na mwaka 1840 karibu wamshinde. Katika uchaguzi wa mwaka 1839 Everett aliupoteza ugavana kwa kura moja, akaingia Marcus Morton wa chama pinzani, ambaye katika hotuba yake ya kufungua Bunge alisisitiza kwamba shule ziwe mikononi mwa miji na vitongoji. Kamati ya Elimu ya Bunge ikaleta pendekezo kwamba Halmashauri ifutwe, na vyuo vya ualimu vifungwe, na wahisani warudishiwe fedha zao. Walisema Halmashauri inaiga Prussia na Ufaransa, ambako serikali huamuru kila kitu. Walisema kwamba chombo chenye uwezo wa kupendekeza leo kitakuwa na uwezo wa kuamuru kesho, na kwamba vitabu vya maktaba za shule vilivyochaguliwa na Halmashauri vitapenyeza imani ya watu fulani. Wengine walitazama gharama tu.

Kwa haki yao, haya hayakuwa maneno ya wajinga. Mkutano wa mji ulikuwa ndio mahali pekee ambapo mtu wa kawaida aliona kodi yake inakwenda wapi, na aliyeogopa kwamba siku moja taarifa zitageuka kuwa amri hakuota ndoto. Mann mwenyewe aliwaona kama wavamizi wa kishenzi, akawaandika vibaya katika shajara zake, na hapo nadhani alikosea. Wajumbe wachache wa kamati ile waliandika maoni yao ya kupinga pendekezo, na mwezi Machi kura ikapigwa. Waliotaka Halmashauri ifutwe walikuwa 182. Waliokataa walikuwa 245. Jaribio jingine la mwaka 1841 nalo likashindwa.

Mwezi Mei 1843 alimwoa Mary Peabody, mwalimu, na badala ya fungate ya kupumzika akampeleka Ulaya kukagua shule. Alitembelea Uingereza, Scotland, Ireland, Prussia na nchi nyingine, na taarifa ya saba, iliyotoka mwaka 1844, ikawasifu walimu wa Prussia waliofundisha bila fimbo na bila kitabu mkononi. Walimu wakuu 31 wa Boston wakaona wamechapwa wao. Wakachapisha kijitabu kumjibu, naye akajibu, nao wakajibu tena, naye tena. Kwa kweli hakujua kunyamaza. Lakini rafiki yake Samuel Gridley Howe na wenzake waliingia katika kamati ya shule ya Boston, na mwaka 1845 wakawapa watoto mtihani wa kuandika, maswali yale yale kwa shule zote. Matokeo yalikuwa mabaya kiasi kwamba baadhi ya walimu wale walipoteza nafasi zao. Huo ni mmoja wa mitihani ya kwanza ya namna hiyo Marekani, na wenzetu mliokesha na taa ya chemli kabla ya mtihani wa kidato cha nne mnaweza kumshukuru au kumlaumu mnavyopenda.

Yako mambo ambayo sifa zake haziyafuniki. Boston iliwatenga watoto weusi katika shule zao, na wazazi wao walipopigania haki, Wendell Phillips, mpinzani mkubwa wa utumwa, alimlaumu Mann kwa kukaa kimya ili asipoteze kura za kuendeleza shule. Lawama hiyo ina uzito. Mwaka 1847 msichana mweusi alipokubaliwa katika chuo cha ualimu cha West Newton na kukosa nyumba ya kupanga, Mann alimkaribisha akae nyumbani kwake. Lakini shule za Boston zilibaki zimetengwa mpaka sheria ya mwaka 1855. Wakatoliki kutoka Ireland nao walikuwa na neno, kwa sababu Biblia iliyosomwa katika shule hizo zilizoitwa za wote ilikuwa ya Kiprotestanti, na kodi yao ilipokewa kama ya wengine.

Alikaa Katibu miaka 12, akaandika taarifa 12. Katika muda huo fedha zilizotolewa kwa shule za umma ziliongezeka zaidi ya maradufu. Zaidi ya dola milioni 2 zilitumika katika majumba ya shule. Mishahara ya walimu wanaume ilipanda kwa asilimia 62 na ya wanawake kwa asilimia 51, shule za sekondari zipatazo 50 zilianzishwa, na muda wa masomo ukaongezeka mwezi mzima kwa wastani. Fedha hizo karibu zote hazikutoka kwa jimbo. Zilipigiwa kura na watu wale wale, katika mikutano ile ile, mkono mmoja mmoja.

Mwaka 1848 John Quincy Adams alifariki, naye Mann akachaguliwa kuchukua kiti chake katika Bunge la Marekani. Huko alikuwa mpinzani wa utumwa asiye na simile. Aliwatetea mahakamani manahodha wa jahazi la Pearl, waliokamatwa wakijaribu kuwatorosha watumwa zaidi ya 70 kutoka Washington. Mwaka 1850 alikorofishana hadharani na Daniel Webster, mwanasiasa mkubwa kuliko wote wa Massachusetts, aliyeunga mkono sheria ya kuwarudisha watumwa watoro. Mwaka 1852 aligombea ugavana akashindwa.

Akaenda Ohio, mji wa Yellow Springs, kuwa Rais wa kwanza wa Chuo cha Antioch, kilichofunguliwa mwaka 1853. Kilipokea wanaume na wanawake pamoja, na weusi pia, jambo la nadra siku zile. Lakini fedha! Mtu aliyeifundisha miji 300 kupanga bajeti aliingia katika chuo ambacho waanzilishi wake walikuwa wameuza nafasi za masomo kwa bei ya kutupa na kujenga kwa mikopo. Mishahara haikulipwa, yeye mwenyewe alikaa bila mshahara kwa vipindi virefu. Mwaka 1859 chuo kiliuzwa kwa mnada kwa ajili ya madeni, na marafiki zake wakakinunua ili kiendelee. Mwezi Juni aliwahutubia wahitimu akiwa amechoka kabisa. Tarehe 2 Agosti 1859 alifariki, akazikwa Providence karibu na mke wake wa kwanza.

Vitongoji vya shule alivyovipiga vita vilikufa polepole. Bunge la Massachusetts lilivifuta, likavirudisha, likavifuta tena mwaka 1869, likalegeza mwaka uliofuata, na vikatoweka kwa sheria mwaka 1882. Majadiliano kati ya kamati za shule na miji hayakwisha. Kwa miaka mingi ya karne ya 20 kamati ya shule iliweza kupanga bajeti yake na mji ukalazimika kuilipia. Mwaka 1980 wapiga kura walipitisha sheria ya kuweka kikomo cha kodi ya mali, na uwezo huo wa kamati ukaondolewa: sasa mji hukata jumla, na kamati huamua jinsi ya kuigawa ndani ya shule. Mwaka 1993 mahakama kuu ya jimbo iliamua kwamba ni wajibu wa jimbo kuwasomesha watoto wa miji maskini kama wa miji tajiri. Sheria ya mwaka huo ikaweka hesabu ya kiwango cha chini cha fedha kwa kila wilaya ya shule, mji hutakiwa kuchangia kwa kadiri ya mali na mapato yake, na jimbo hujazia pengo. Mahali pengi huko bado wananchi hukusanyika katika ukumbi kila majira ya kuchipua na kupitia bajeti ya shule mstari kwa mstari, na mtu wa nyuma husimama kuuliza kwa nini imepanda.

Mwaka 1865 sanamu ya Mann, kazi ya Emma Stebbins, ilisimamishwa mbele ya jengo la Bunge la jimbo huko Boston. Mbele ya jengo hilo hilo iko sanamu ya Daniel Webster. Hawakupatana walipokuwa hai, na sasa wamesimamishwa pamoja mbele ya jumba ambamo bajeti za shule bado hupigiwa kelele.